Kompoti Haikorogwi

Siku mliyoniaga, baada ya keki na hotuba ya meneja ambaye jina langu alilisoma kwenye karatasi, Happiness wa mezani alinivuta pembeni akaniuliza, "Mama Salehe, hivi kompoti maana yake nini hasa? Wageni wananiuliza, mi nawaambia ni jemu iliyolegea."

Nikamwambia nitakujibu kesho. Kesho yake sikuwa na kazi tena, nilikuwa nyumbani nafukuza kuku kwenye mboga. Ndiyo maana naandika. Shule yangu iliishia darasa la tano, kwa hiyo asiyependa maandishi yangu anipishe. Na majina nitayataja. Miaka thelathini nimekaa jikoni kwenye nyumba ile ya wageni, wenzangu wameondolewa mmoja mmoja nikabaki mimi, na anayebaki ndiye anayejua nani alifanya nini.

Swali la Happiness liliwahi kuulizwa kabla yake, mbele ya watu, na aliyetakiwa kulijibu nilikuwa mimi. Nilijibu uongo. Kwa uongo huo Mzee Danieli, aliyenifundisha kazi, alivua aproni akaenda zake, na tangu siku hiyo hakuitikia tena shikamoo yangu. Hayo ya kupandishwa cheo na kukabidhiwa funguo za stoo tuyaache, hayana ladha.

Tuanze mwanzo. Mimi pale sikwenda kuomba kazi. Nilikwenda kuuza plamu, Salehe yuko mgongoni, kikapu kichwani, nikagonga mlango wa nyuma wa jiko. Akatoka mtu mrefu mwembamba, aproni nyeupe imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Akachukua plamu moja, akaibonyeza kwa dole gumba, akairudisha.

"Zimeiva mno."

"Plamu mbivu ndiyo plamu. Unataka mbichi ukamtegee nyani?"

"Nataka ile ambayo bado ina vumbi lake jeupe, ukiibonyeza inakukatalia kidogo."

"Sasa hiyo ataila nani?"

"Hailiwi. Inapikwa."

Nilicheka mpaka Salehe akaamka. Nyinyi mmezaliwa mmekuta mambo haya, lakini sisi kwetu tunda lilikuwa la kuchuma na kutia mdomoni, au la kupeleka barabarani. Kupika tunda! Yule mzee akanisubiri nimalize, akasema, "Shikamoo kwanza, halafu ndiyo ucheke."

Nikashikwa na aibu. Kwa haraka ya kuuza nilikuwa nimemrukia mtu mzima bila salamu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kesho lete zile za kukataa."

Nikaleta. Siku ya tatu nikamkuta peke yake na mlima wa vyombo, muosha vyombo wake amekwenda Tanga kwenye harusi na harusi imemkolea. Akaniuliza kama najua kusugua sufuria. Nikamlaza Salehe kwenye kikapu cha plamu, nikakunja mikono ya gauni. Ndivyo nilivyoanza.

Jiko lile la zamani hamkulikuta. Lilikuwa la kuni, kuni za miwati, na dirisha lake lilitazama miti sita ya plamu aliyoipanda Mzee Danieli mwenyewe. Asubuhi ukungu ukipanda kutoka bondeni unaiona miti mitatu, ikifika chai unaiona yote. Mpaka leo nikifumba macho naihesabu. Mlangoni mwa chumba cha kulia palikuwa na ubao mweusi, na chaki zikikaa kwenye kopo la kakao. Kila mlo, chakula cha siku kiliandikwa pale kwa Kiingereza. Na ubao ule ulikuwa na sheria ya Mzee Danieli, sijaiona jikoni kwingine: anayeandika neno ndiye anayelijibia. Mgeni akiuliza hiki ni nini, haitwi meneja wala mhudumu, anaitwa aliyeandika, anafuta mikono, anakwenda kusimama mezani anasema. Na kabla hujaruhusiwa kuandika, ulipeleke kwanza neno hilo nyumbani kwenu, upike, umweleze mama yako kwa lugha yenu bila kutumia lile neno lenyewe. Mama asipoelewa, hujaelewa wewe.

Neno langu la kwanza lilikuwa kompoti.

Mzee Danieli alinieleza hivi. Ni neno la Kiingereza, lakini Waingereza nao wamelichukua kwa Wafaransa, kama sisi tulivyochukua meza kwa Wareno na hatujairudisha. Hayo aliambiwa na Bi Margareti, mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliyekuja kila mwaka kutazama ndege. Alianzia Amani kwenye msitu, halafu akapanda huku kwetu Lushoto, na kila mara alimletea Mzee Danieli fungu la magome ya mdalasini ya kulekule Amani, limefungwa kwa uzi. Bi Margareti alisema neno lile maana yake ya kale ni vitu vilivyowekwa pamoja.

"Umesikia?" Mzee Danieli akaniambia. "Vilivyowekwa pamoja. Havikupondwa. Jemu unaponda. Kompoti unaweka pamoja, na kila plamu inabaki inajijua."

Kwa hiyo Happiness, andika. Sufuria pana, ya enameli. Ya alumini inaipa plamu ladha ya msumari. Plamu za kukataa, nzima, kokwa haitolewi. Maji yafike kiunoni mwake tu. Sukari, gome la mdalasini, moto mdogo wa kuni zilizokwisha kuwaka. Na hapo ndipo wengi wanaharibu: haikorogwi. Ukitia kijiko umeshapika jemu. Unashika masikio ya sufuria kwa vitambaa viwili, unaitikisa polepole kama unabembeleza mtoto asiyetaka kulala. Ngozi ikianza kupasuka mstari mmoja, unaipua, inamalizikia yenyewe nje ya moto.

Nilikoroga mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu. Mkono wa mtu aliyezoea ugali haukubali kukaa bure. Mara ya nne, kila nikimaliza kutikisa, nikaukalia ule mkono wa kijiko. Mzee Danieli akaonja, akatazama juu kwenye masizi, akasema, "Sukari imezidi." Hilo ndilo lililokuwa neno lake. Miaka kumi na nane nimepika naye, na kila mara alipoonja alisema sukari imezidi, halafu anakula yote.

Nikaipeleka nyumbani. Mama yangu akaitazama kwenye bakuli kama ameletewa barua ya mahakamani.

"Hili tunda lilikuwa bovu?"

"Halikuwa bovu, mama."

"Lilikuwa zima mkalipika. Limekosa nini?"

"Wageni ndivyo wanavyopenda."

"Basi wageni wenu hawana meno, masikini." Akaonja. Akaonja tena, akatoa kokwa mdomoni akaiangalia. "Hili hata mgonjwa aliyekataa uji atalila." Akalipa jina palepale kwa Kishambaa, kwa Kiswahili ni kama kusema tunda la mgonjwa. Nilipomhadithia Mzee Danieli alifurahi, akanipa chaki kwa mikono miwili. Herufi zangu zikaenda zikipanda kilima. Ndilo neno la Kiingereza la kwanza nililoliandika nikijua ninachosema.

Halafu ndipo nikaona wenye lugha yao hawajakubaliana. Mgeni mmoja anataka kompoti asubuhi juu ya uji wa shayiri, mwingine anasema hiyo ni ya baada ya chakula cha usiku, na krimu juu. Kuna mume na mke walinuniana kwa jambo hilo siku nzima. Akaja Mpolandi mmoja, akanywa maji yote ya kompoti kwa glasi, plamu akaziacha zimekauka kwenye sahani, akashukuru sana. Nikamkimbilia Mzee Danieli: huyu amekula kinyume! Akasema kwao kompoti ni kinywaji, mwache. "Neno likisafiri linabadili nguo," akasema. "Sisi letu ni moja tu: tulichoandika ndicho kilichomo kwenye bakuli."

Fyulisi zikaja na msimu wake, peasi zikaja na msimu wake, tukapika zote. Sitaki kuwadanganya kwamba siku zote zilikuwa za raha. Moshi ulituumiza macho, na Julai maji ya kuoshea vyombo yalikuwa yanauma kama siafu. Lakini nikikaa sasa hapa barazani kwangu, ninachokitamani ni kile kimya cha asubuhi, yeye anapanga plamu kwenye sinia, kubwa huku ndogo huku, mimi napuliza moto, hakuna anayesema kitu, na nje ukungu unaachia mti mmoja mmoja.

Sasa nakuja kwa Ndekirwa.

Ndekirwa alikuwa meneja aliyeletwa kutoka hoteli za mjini. Wengine mtasema marehemu asemwe vizuri. Bahati mbaya hajafa, yuko hai na ana kitambi. Alikuja na kadi za chakula zilizochapishwa zikang'aa, na juu ya kompoti yetu akaongeza maneno: ya kienyeji, ya kupikwa hapahapa. Tukafurahi. Wiki ya pili likapanda gari kutoka Mombo na ndoo sita za plastiki za jemu nyekundu. Akamwonyesha Halima, mpishi mwenzangu: vijiko vinne vya jemu, maji moto, limau, koroga. Halima akakoroga. Naye namtaja. Alikuwa wa kwanza kukoroga, na alikuwa anacheka.

Mzee Danieli alichukua kitambaa chenye maji, akafuta kompoti ubaoni. Ndekirwa akaandika. Mzee akafuta. Siku tatu wakawa hivyo, mmoja anaandika kabla ya chai, mwingine anafuta baada ya chai, mpaka wageni wakaanza kutega saa kuangalia.

Siku ya nne Ndekirwa akatuita sote jikoni. "Nani meneja hapa?"

"Wewe," tukasema.

"Ubao ni wa nani?"

"Ubao ni wa nyumba," Mzee Danieli akasema. "Neno ni la anayelijibia. Andika wewe, bwana mkubwa, kisha ukiitwa mezani nenda kajibu."

"Nitaitwa kweli? Mgeni gani anajua tofauti?"

"Yupo mmoja. Anapanda kesho."

Alikuwa anamsema Bi Margareti. Na kweli kesho yake alipanda, na darubini yake shingoni na mdalasini wake umefungwa uzi. Mchana akaletewa bakuli. Halima ndiye aliyelipika, kama kupika ni neno lake. Bi Margareti akaonja, akaweka kijiko chini, akamwita Mzee Danieli. Nilikuwa nimesimama mlangoni na trei, nilisikia yote. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha polepole.

"Danieli, hii si yako."

"Si yangu, mama. Hiyo ni jemu ya ndoo na maji moto. Naona aibu kukuletea."

Ndekirwa akafika mbio, anatabasamu. Akasema mzee amechoka, macho yameisha na ulimi umeisha, amekasirika kwa sababu jiko limepata vijana, ndiyo maana anaitukana kazi ya wenzake mbele ya wageni. Kompoti ni ya plamu za hapahapa, akasema, na mpishi wake huyu hapa. Akanionyesha mimi.

Bi Margareti akanigeukia. Alinijua tangu Salehe analala kwenye kikapu. "Zubeda, hii ni kompoti?"

Jueni kwamba asubuhi ile Ndekirwa alikuwa amenikamata mlangoni mwa stoo, akaniambia huyu mzee anaondoka, na anayependa kuondoka naye aandae kanga zake. Salehe alikuwa kidato cha sita. Baba yake alishatuacha zamani. Hayo yote ni kweli, nimeyarudia kichwani mara nyingi, na hayajawahi kutosha. Kwa sababu hakuna aliyenishika ulimi. Nilimtazama Mzee Danieli, naye hakunitazama kwa kuomba. Alisimama tu wima, mikono kwenye mshono wa suruali, kama mtu anayesubiri mwanafunzi wake aseme jibu analolijua.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni kompoti."

Bi Margareti akasema labda yeye ndiye amesahau ladha. Akamwangalia Mzee Danieli kwa huruma, ile huruma ya kumwona mtu wako amezeeka na kuanza kusema yasiyokuwepo. Ile huruma ndiyo iliyomuua. Angetukanwa angevumilia.

Alirudi jikoni, akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza ya plamu. Kofia yake akaichukua. Alipofika mlangoni mimi nilikuwa pale, sijui nitie wapi mikono yangu, na kitu pekee kilichonitoka kilikuwa, "Shikamoo, mzee." Nilishamwamkia asubuhi. Nilimwamkia tena kama mjinga.

Akapita.

Nyinyi wa huku mnajua uzito wake. Mzee wa kwetu hata akiwa na kesi nawe barazani, shikamoo anaiitikia kwanza, kesi baadaye. Yeye alipita, akashuka ngazi, akapita chini ya miti yake sita bila kugeuka. Nilisikia baadaye amekwenda kukaa Shume kwa mwanawe anayefanya kazi ya mbao. Nilimwona mara mbili gulioni Lushoto, nikamwamkia mara zote mbili, na mara zote mbili alikuwa anachagua vitunguu.

Ndekirwa aliikata ile miti ili magari ya wageni yapate pa kuegesha. Miaka michache baadaye akahamia hoteli nyingine, na sufuria ya enameli ikahama naye, hilo nalo liandikwe. Halima aliolewa Korogwe. Bi Margareti alikuja miaka miwili mingine, akala ndizi, halafu hakuja tena. Mimi nikabaki na ubao, na ndoo, na neno. Mtaniuliza kwa nini Ndekirwa alipoondoka sikurudi kupika ile ya kweli. Nilijaribu mara moja. Nilinunua plamu za kukataa, nikawasha moto, nikashika masikio ya sufuria, nikajiona sina haki. Nikachukua kijiko nikakoroga. Basi miaka kumi na miwili nimesimama mezani nikiwajibu wageni neno lile, na hakuna hata mmoja aliyejua tofauti. Ndekirwa alisema kweli hapo.

Ndiyo maana swali lako Happiness liliniingia mwilini.

Wiki mbili baada ya kustaafu plamu zilianza. Nikanunua kikapu barabarani, nikamwambia yule dada achague zenye vumbi jeupe. Akasema, "Mama, hizo bado." Nikamwambia nazijua. Nikapika kwenye sufuria ndogo ya enameli niliyoazima kwa jirani, mkono mmoja nimeukalia. Asubuhi nikaifunga sufuria kwa ile kanga mliyonipa mkiniaga, nikapanda pikipiki mpaka Shume, dereva ananiambia mama shika vizuri, mimi nashika sufuria.

Nilimkuta uani anachambua maharage na mkwewe, Eliwaza. Amepungua sana. Shati lake limepigwa pasi.

"Shikamoo, Mzee Danieli."

Akaendelea na maharage. Eliwaza akasema kwa aibu, "Siku hizi hasikii vizuri, mama." Akainama sikioni mwake. "Baba, mgeni anakuamkia!"

"Nimemsikia," akasema.

Nikafungua kanga, nikaweka sufuria mbele yake. Akaitazama muda mrefu.

"Hiki ni nini?"

Neno lilikuja mdomoni lenyewe, limezoea. Nikalirudisha. "Ni plamu nzima, zilizokuwa bado zinakataa kidogo," nikasema. "Maji, sukari, na mdalasini. Zimewekwa pamoja, sikukoroga. Ile ya siku ile ilikuwa jemu ya ndoo na maji moto. Nilijua. Ulisema kweli, mimi ndiye niliyesema uongo."

Eliwaza alikuwa ameacha kuchambua. Mzee akaomba kijiko. Meno yamebaki machache, mama yangu angecheka. Alikula ya kwanza, akatoa kokwa, akaiweka pembeni mwa ungo. Akala ya pili. Kokwa akazipanga, kubwa huku, ndogo huku, na hakuna aliyesema kitu, na mimi nilikuwa bado nimesimama kama mtu aliyeitwa mezani.

Zilipofika kokwa saba akafuta mdomo.

"Marahaba, Mama Salehe," akasema. "Sukari imezidi."

Akala zote.